Maswali ya Wasomaji: Kadi ya Grafiki ya Laptopu na Mpaka wa Wati

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Lubumbashi, na karibu zote zinauliza jambo lile lile: namna ya kuipa laptopu nguvu zaidi ya grafiki bila kununua nyingine. Tumechagua zile zenye majibu yatakayowafaa wengi. Mtaona kwamba waandishi wa barua wanahesabu megahezi, na sisi tunawajibu kwa wati. Kwenye kompyuta ya mezani unaweza kuongeza ugavi wa umeme na feni. Kwenye laptopu kiwango cha wati kimeshapangwa kiwandani, na kila utakachofanya ni kukitumia vizuri au vibaya.

Ndugu mafundi, salamu kutoka Kamalondo. Nahariri video za arusi kwa laptopu yenye RTX 3060. Kwa programu ya MSI Afterburner nimeongeza +200 kwenye chipu na +1000 kwenye memori. Narenda (natoa video iliyokamilika) saa nzima bila tatizo. Lakini kazi ikiisha, au nikifungua tu programu, skrini inakuwa nyeusi kidogo na kila kitu kinafungwa. Mbona inaanguka wakati haina kazi?

Inaanguka hasa kwa sababu haina kazi. Kadi za Nvidia hutembea juu ya mchoro wa volti na megahezi, ambapo kila volti ina kasi yake. Kazi ikiwa nzito, wati hufika mpakani mapema na kadi hubaki sehemu ya chini ya mchoro, tuseme milivolti 775 na megahezi 1,500. Kazi ikiwa nyepesi, wati zinabaki, kwa hiyo kadi hupanda hadi kileleni, karibu na volti 1, megahezi 1,900 na zaidi. Ile +200 yako imeusukuma mchoro mzima. Kule chini chipu inaivumilia. Kule juu 1,900 imegeuka 2,100, na chipu haiwezi. Windows ikingoja sekunde 2 bila kadi kujibu, huiwasha upya draiva, yaani programu inayoiendesha kadi. Fungua Event Viewer, daftari la makosa la Windows, utakuta kosa namba 4101.

Dawa si kurudi sifuri. Ongeza kasi kule chini unakofanyia kazi, kisha ukate kilele.

Anza kwa kupima. Bonyeza kitufe cha kurudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, chomeka chaja, weka laptopu kwenye hali ya utendaji wa juu, kisha renda video ile ile kwa dakika 20. Andika kwenye karatasi wati, megahezi, milivolti, joto, na muda wa kumaliza. Fungua pia GPU-Z, programu ya kupima kadi, uangalie mstari wa PerfCap Reason, unaotaja kinachoizuia kadi. Ukisoma Pwr, wati ndizo zinazokuzuia. Ukisoma Thrm, ni joto, na hapo achana na Afterburner kwanza, usome jibu letu kuhusu vumbi hapa chini. Ukisoma VRel, kadi imefika kikomo cha volti na bado ina wati za ziada.

Ukiona Pwr, bonyeza Ctrl na F mchoro ufunguke. Fanya hivyo kadi ikiwa imeshapata moto, kwa sababu mchoro hushuka hatua kwa hatua kadiri joto linavyopanda, na ukiuchora kadi ikiwa baridi namba zako zitahama. Tafuta milivolti uliyoiona wakati wa kurenda, halafu chagua nukta iliyo juu yake kidogo. Kwa mfano wetu wa 775, chagua 825. Pandisha mchoro mzima kwa +100. Kisha shikilia Shift, pitisha mausi juu ya nukta zote zilizo kulia kwa 825, na uziburute chini hadi zote ziwe chini ya nukta yako. Bonyeza Apply: programu itazilaza zote sawasawa na 825. Sasa kadi haitapita pale hata ikiwa haina kazi kabisa.

Kwa nini inasaidia? Matumizi ya chipu hufuata mraba wa volti. Kasi ile ile iliyohitaji milivolti 850, ukiipata kwa 775, inakula takriban asilimia 17 pungufu. Wati hizo hazipotei. Kadi inazitumia kupanda megahezi chini ya mpaka ule ule. Ndiyo maana sisi tunaona kupunguza volti ndiyo ovakloki (kuongeza kasi) ya kweli ya laptopu.

Endelea kupandisha kwa megahezi 15, kwa sababu kadi yenyewe inapanda kwa hatua hizo. Kila hatua ijaribu mara mbili: nusu saa ya kazi nzito, halafu kufungua na kufunga programu, kucheza video, kuacha kompyuta ilale na kuiamsha. Ikianguka, rudi nyuma 30, usirudi 15 peke yake.

Memori iwe ya mwisho. Nayo inakula kutoka kwenye wati zile zile, na +1000 inaweza kukupa memori ya kasi huku ikikunyang'anya megahezi za chipu. Panda kwa 100 ukitazama muda wa kurenda. Muda ukiacha kupungua, simama hapo hata kama hakuna dosari kwenye picha: memori ya kisasa hugundua makosa na kurudia kutuma data, kwa hiyo kasi inashuka kabla hujaona alama yoyote kwenye skrini. Na usiweke alama ya kuanza pamoja na Windows mpaka mipangilio imevumilia wiki nzima ya kazi yako halisi.

Mimi ni mwanafunzi, naishi Kasapa. Nina laptopu ya HP yenye GTX 1650. Fundi mmoja mjini anasema anaweza kuitoa na kuniwekea RTX 3050. Niamini?

Usitoe pesa. Kadi yako imechomelewa kwenye ubao mama kwa mamia ya nukta za risasi zilizo chini ya chipu. Ubao ulichorwa kwa chipu ile, kwa memori zake, na kwa wati 50. Kubadilisha chipu kunahitaji nukta, volti, memori na BIOS ya kadi (programu yake ya ndani) vyote vilingane, na fundi mwenye mashine ya kuchomelea vizuri atakuambia hivyo mwenyewe.

Kuna mambo matatu ya bei nafuu yatakayokusaidia zaidi. La kwanza, angalia kama una kijiti kimoja cha RAM. Ongeza cha pili chenye ukubwa na kasi ile ile ili memori ifanye kazi kwa njia mbili. (Wenye laptopu zisizo na kadi ya pekee ndio wanaofaidi zaidi: Intel Iris Xe yenye kijiti kimoja hata jina lake hubadilika kwenye Windows na kuitwa UHD Graphics.) La pili, kwenye mipangilio ya nguvu ya Windows shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Prosesa itaacha kuruka juu ya kasi yake ya msingi, na joto lililokuwa likijaza mabomba ya shaba wanayoshiriki litaiachia kadi nafasi. La tatu, ukiwa na skrini ya nje, jaribu tundu la HDMI. Kwenye laptopu nyingi za michezo tundu hilo limeungwa moja kwa moja na kadi, na picha haipiti tena kwa Intel au AMD.

Kadi ya nje inawezekana pia, kwa adapta inayoingia kwenye tundu la M.2 la diski. Njia hiyo ya PCIe 3.0 yenye laini 4 hupitisha karibu gigabaiti 3.9 kwa sekunde, inatosha kwa kadi kama Radeon RX 6600 ya wati 132. Lakini utahitaji ugavi wa umeme wa kompyuta ya mezani, diski yako ihamie kwingine, na umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, uwepo. Kwa mwanafunzi anayebeba mashine kwenda darasani hatuishauri.

Kaka zangu, nina Dell Precision M4800 yenye Quadro K1100M. Nimesikia hii kadi inatoka. Niweke ipi, na mitego ni ipi? — Msomaji, Bel-Air

Hapa jibu ni ndiyo, na tunafurahi kukujibu, kwa sababu mashine hizi za ofisi za mwaka 2013 bado zinapatikana kwa mitumba na zimejengwa vizuri. Kadi yako iko kwenye tundu la MXM 3.0 la aina A, yaani kipande cha milimita 82 kwa 70, na mpaka wake ni wati 55. Aina B ni milimita 82 kwa 105, hubeba wati nyingi zaidi, na haiingii kwako. Usinunue kwa jina la chipu tu. Omba picha ya kadi ikiwa na rula pembeni.

Chaguo letu ni Quadro M2000M: wati 55, memori gigabaiti 4, na ni ya kizazi cha Maxwell. K1100M yako ni ya wati 45, gigabaiti 2, kizazi cha Kepler ambacho draiva zake ziliishia kwenye tawi la 470. Maxwell imefika hadi tawi la 580. Hesabu ya umeme inakubali: chaja ya wati 180, toa 47 za prosesa na 55 za kadi, zinabaki 78 za skrini, diski na kuchaji betri.

Tafuta kadi iliyotolewa kwenye Dell. Ile ya kampuni nyingine inaweza kuwaka, lakini BIOS yake haizungumzi vizuri na ubao wako na udhibiti wa feni huvurugika. Kabla ya kufungua chochote, weka BIOS ya mwisho ya mashine na uache Switchable Graphics ikiwa imewashwa. Skrini itaendelea kupata picha kupitia Intel hata kama draiva ya kadi mpya haijakubali. Toa betri na chaja, kandamiza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 15. Legeza skurubu za kipoza joto kwa kupishana, kona kwa kona. Kadi ya zamani itainuka kidogo upande mmoja yenyewe. Ivute kwa mshazari uleule. Usiitikise, kwa sababu tundu la MXM likivunjika, ubao umekwisha.

Mtego mkubwa ni pedi za joto. Memori za M2000M hazikai pale zilipokaa za K1100M. Kabla ya kufunga, weka kipoza joto bila pasta, ukibane, ukitoe tena, uangalie alama kwenye pedi. Memori isiyoacha alama haiguswi, nayo itakufa kimya kimya. Na pedi nene kupita kiasi ni mbaya vilevile: inainua shaba, chipu inabaki na pengo, na joto linaruka hadi nyuzi 90 ndani ya dakika moja.

Mtego wa pili ni draiva. Kisakinishi cha Nvidia kitasema hakuna kifaa kinachofaa, kwa kuwa orodha yake haina muungano wa M4800 na M2000M. Chukua namba ya kifaa kwenye Device Manager (itaanza na VEN_10DE na DEV_13B0), iongeze kwenye faili ya INF ya draiva, kisha zima ukaguzi wa saini za draiva kwa usakinishaji huo mmoja.

Laptopu yangu ilikuwa na chaja ya wati 180. Imeharibika, nikanunua nyingine soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, plagi inaingia vizuri. Sasa michezo imekuwa mizito sana na betri haijazi. Kadi imekufa? — Kampemba

Kadi haijafa. Soma maandishi ya chaja, sehemu ya OUTPUT, uzidishe volti kwa ampea. 19.5 kwa 9.23 ni 180. Kama umeona 4.62, hiyo ni chaja ya wati 90, na laptopu imejipunguza ili isiiunguze. Kama wati ni sahihi na ni Dell, tazama sindano nyembamba katikati ya plagi: hiyo haipitishi umeme wa kazi, inapeleka utambulisho wa chaja. Ikipinda au ikikatika, mashine inaiona chaja kama mgeni, inakataa kuchaji na kushusha prosesa hadi chini ya gigahezi 1. HP nao wana sindano ya namna hiyo.

Hata kwa chaja halali, ukiona betri inashuka wakati wa mchezo ilhali umechomeka, matumizi yamepita uwezo wa chaja na betri inajazia. Usiongeze kasi yoyote juu ya hapo.

Huku Ruashi delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) haituachi. Nina betri ya 12V 100Ah na inveta. Nataka kurenda usiku. Itachukua saa ngapi, na niogope voltiji ndogo ya SNEL?

Tuseme laptopu inakula wati 150. Chaja inapoteza kidogo, inveta nayo, kwa hiyo betri inatoa kama wati 200, karibu ampea 17. Betri ya asidi usiimalize kupita nusu: una wati-saa 600, yaani saa 3 kwenye karatasi. Kwa kweli zitapungua, maana ile 100Ah kwa kawaida hupimwa kwa ampea 5 kwa saa 20. Ukiinyonya kwa 17 inatoa pungufu ya hapo.

Basi punguza kiu ya kadi. Fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike `nvidia-smi -lgc 300,1200`. Kadi haitapita megahezi 1,200, nayo itabaki kwenye volti za chini ambako kila wati inafanya kazi nyingi zaidi. Laptopu ikishuka hadi wati 95, betri ile ile inakupeleka saa 4 na nusu hivi. Video itachelewa, lakini kwa uwiano mdogo kuliko wati ulizookoa, kwa hiyo unamaliza kazi kubwa zaidi kwa betri moja. Kurudisha: `nvidia-smi -rgc`.

Inveta iwe ya mawimbi safi. Chaja kubwa, zile za zaidi ya wati 75, zina sakiti ya kurekebisha mkondo ambayo haipatani na mawimbi ya ngazi. Zinalia na kuchemka.

Voltiji ndogo usiiogope. Chaja imeandikwa 100–240V, na volti 160 za jioni inazimudu bila stabilizeta. Kinachoua chaja ni umeme unaporudi. Chomoa mara tu unapokatika, na ngoja dakika chache baada ya kurudi kabla ya kuchomeka.

Feni inapiga kelele kama jenereta na kadi inafika nyuzi 87 kisha inapunguza kasi. Nibadilishe feni? — Katuba

Safisha kwanza. Majira ya kiangazi vumbi jekundu la hapa linatengeneza zulia kati ya feni na mapezi ya shaba, mahali ambapo huwezi kuliona kwa nje. Kupuliza kupitia matundu kunalisukuma tu ndani. Fungua kifuniko, toa feni, ondoa zulia kwa brashi, na ukitumia kompresa zuia mabawa kwa kidole yasizunguke. Kisha futa pasta ya zamani kwa alkoholi ya isopropili. Kwa laptopu tunapenda karatasi ya joto ya PTM7950 kuliko pasta laini: inayeyuka ikipata moto, inajaza nafasi, na haisukumwi nje ya chipu baada ya miezi michache. Mizunguko michache ya kupasha na kupoza ndiyo inayoikalisha, kwa hiyo usiihukumu siku ya kwanza.

Jiji liko karibu na mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 10. Namba za joto unazosoma kutoka miji ya pwani usizichukue kama kipimo chako.

Mafundi, nataka kuflashi BIOS ya kadi ya wati 115 kwenye RTX 3060 yangu ya wati 80. Ama nichomelee rezista juu ya zile za kupimia. Mnaonaje? — Fundi mwenzenu, Katuba

Tunakujibu kama fundi. BIOS zimesainiwa, huwezi kuibadilisha namba ndani. Unaweza tu kuweka nzima ya laptopu nyingine yenye kadi ileile. Ikikataa, utaokoa kadi kwa CH341A (kifaa cha kuandikia chipu) tu, na chipu nyingi za BIOS hizi ni za volti 1.8: bila adapta ya 1.8 unaiunguza. Hifadhi ya awali uwe nayo kwenye flashi kabla ya kugusa kitu.

Rezista ni hesabu rahisi na ndiyo maana inadanganya. Ya milioomu 5 ukiipandishia ya 20, inakuwa 4: kadi ikisema 80, kweli ni 100. Ukiipandishia nyingine ya 5, inakuwa 2.5, na 80 ya kadi ni 160 za kweli. Hapo hakuna programu itakayokuonya, kwa sababu wote wanasoma namba ya uongo. Hesabu kwanza mosfeti na koili (vipande vinavyoilisha kadi umeme) za ubao wako, ulinganishe na ubao wa toleo la wati 115. Kama kiwanda kimeacha nafasi tupu ambapo toleo kubwa lina vipande, jibu ni hapana. Kama vinalingana, swali linabaki kwa chaja na kipoza joto, na kwenye laptopu ya mteja jibu bado ni hapana.

Natumia Ubuntu. Kwenye Windows kadi inafika wati 95, huku inakwama 80. — Golf

Zile 15 zinatoka kwenye Dynamic Boost, inayohamisha wati kutoka kwa prosesa. Kwenye Linux zinahitaji huduma ya nvidia-powerd. Iwashe kwa `sudo systemctl enable --now nvidia-powerd`, chomeka chaja, maana haifanyi kazi kwa betri, kisha angalia mpaka mpya kwa `nvidia-smi -q -d POWER` wakati kadi ina kazi. Inahitaji kadi ya kizazi cha Ampere au baada yake.